Mlonge "umethibitishwa" kwa panya kuondoa makovu ya ini: panya huyo aliumizwaje kwanza?

Fundi wa Panya (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki hii nimetumiwa ujumbe uleule kwenye magrupu matatu: la ukoo, la jumuiya na la mtaa. Picha ya kopo la unga wa mlonge, chini yake maandishi: "UTAFITI UMETHIBITISHA huondoa makovu ya ini." La ukoo ndilo limeniuma, maana aliyetuma ni shangazi yangu mwenyewe na tayari kanunua makopo mawili.

Mimi nimekula mshahara wa panya miaka kumi na moja. Ni fundi kwenye nyumba ya wanyama wa maabara. Nalisha, nabadilisha maranda kwenye vizimba, napima uzito, nachoma sindano, na mwisho nawaua kwa utaratibu ili wenye shahada zao wapate maini ya kuangalia kwenye hadubini. Kwa hiyo siwezi kusimama hapa niseme utafiti huo ni uongo. Upo, tena si mmoja. Panya walipewa mlonge, na maini yao yakaonekana mazuri kuliko ya wenzao. Nisichokipenda ni kwamba hakuna anayeuliza panya yule alikuwa anaumwa nini.

Ini la panya halipati makovu kwa kuombewa mabaya. Lazima umuumize, na umuumize tena na tena, kwa sababu ini ni kiungo kinachojiotesha chenyewe. Njia inayotumika sana ni kemikali iitwayo kaboni tetrakloridi. Zamani ilikuwa kwenye mitungi ya kuzimia moto na kwa madobi wa kufua suti bila maji. Mwaka 1921 Mmarekani Maurice Hall aliipendekeza hata iwe dawa ya minyoo ya safura, na watu wakainywa. Mwaka 1936 Cameron na Karunaratne wakaeleza jinsi panya wanavyopewa kemikali hiyo mara kwa mara mpaka ini linakakamaa. Sisi huku bado tunatumia kitu hichohicho. Unaichanganya na mafuta ya mahindi au ya zeituni, unamchoma tumboni mara mbili kwa wiki. Kwa panya wa aina ndogo, wiki ya nne hadi ya sita ukilipaka ini rangi ile nyekundu inayoshika kolajeni (protini inayojenga kovu), utaona nyuzi zimeanza kutambaa kutoka mshipa hadi mshipa.

Wanaofuma nyuzi hizo ni seli ambazo Mjerumani Kupffer aliziona mwaka 1876 akaziita seli za nyota, kwa umbo lake. Ini likiwa zima ni seli za kimya tu, zinatunza vitamini A ndani ya vitone vya mafuta kama bibi anayetunza akiba kwenye kibuyu. Ini likiumia zinamwaga akiba, zinajinyoosha, zinaanza kumwaga kolajeni. Hilo ndilo kovu.

Sasa shikeni hapa, maana hapa ndipo kopo la shangazi linapoingilia. Kaboni tetrakloridi haina ukali mkubwa mpaka ini lenyewe liivunje. Kuna kimeng'enya kinaitwa CYP2E1, kazi yake kushughulika na vitu kama pombe na viyeyusho. Kikiivunja kemikali hii kinatoa chembe yenye fujo inayochoma utando wa seli iliyo jirani, na seli inakufa. Panya waliozalishwa bila kimeng'enya hicho, ukiwapa sumu ileile, ini lao linabaki salama.

Kwa hiyo chukulia nimempa panya maji ya jani fulani saa mbili asubuhi, saa tatu nikamchoma sumu. Jani hilo likiwa linakifunga mdomo kimeng'enya hicho hata kidogo, sumu haitengenezwi. Seli hazifi, kovu halitokei. Mwanafunzi anaandika kwamba jani limezuia makovu. Hapo jani limemzuia mwizi getini. Mgonjwa wa kweli mwizi yuko chumbani mwaka wa kumi, ameshaoa na watoto anao.

Nimeyaona haya kwenye chuo kimoja ambacho sitakitaja. Mimi ndiye niliyekuwa nachoma sindano. Dawa ya majani inatangulia, sumu inafuata, hivyo hivyo wiki nane. Matokeo yakawa mazuri mno, wakapiga makofi. Nikamuuliza msimamizi, je, tungeanza majani baada ya kovu kukaa? Akanijibu kwamba bajeti ya panya imeisha.

Karibuni.

---

Kachumbari

Kumbe kuna mtu analipwa kulisha panya wakati mimi nanunua sumu ya kuwaua stoo. Nchi hii. Tiririka mkuu, nimeweka kiti.

---

Tiba Asili Mkweli

Mleta uzi, ukweli usemwe, una chuki na tiba za wazee wetu. Dawa zote za hospitali zilianza kwa panya. Yao ikifaulu kwa panya inaitwa sayansi, yetu ikifaulu kwa panya inaitwa ushamba. Na hoja yako ya getini siikubali, kwa sababu zipo tafiti ambazo sumu ILISIMAMISHWA kwanza, ndipo panya wakapewa mlonge, na makovu yakapungua. Ninazo kwenye simu. Hapo nako utasemaje?

---

Fundi wa Panya

Mkuu, swali zuri, na nakujibu bila kejeli.

Kwanza, hakuna anayewapendelea Wazungu. Kuna dawa ya kampuni ya Gilead iliitwa simtuzumabu. Ilikuwa kingamwili ya kukifunga kimeng'enya kinachokaza nyuzi za kolajeni zishikane. Mwaka 2010 ilichapishwa habari kwamba kingamwili ya aina hiyo ilipunguza makovu kwa panya waliopewa kaboni tetrakloridi, hii hii yetu. Wakaipeleka kwa wagonjwa zaidi ya 400 wenye makovu yaliyokomaa na wenye sirosisi (ini lililokakamaa kwa makovu), kwa sababu ya mafuta kwenye ini. Haikufua dafu, majaribio yakasimamishwa wiki ya 96. Kwa hiyo kufaulu kwa panya halafu kufeli kwa watu si balaa la mlonge peke yake. Makampuni makubwa yamezika mabilioni humo.

Pili, hiyo ya kusimamisha sumu. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Panya ukiacha kumpa sumu ANAPONA MWENYEWE. Iredale na wenzake walionyesha mwaka 1998: panya wa aina kubwa walichomwa kaboni tetrakloridi wiki nne mpaka makovu yakaonekana, halafu wakaachwa tu. Baada ya wiki nne nyingine ini lilikuwa limekaribia kurudi kama la panya mzima. Zile seli za nyota zilikuwa zimekufa kwa wingi, na vimeng'enya vya mwili vikasafisha kolajeni. Hawakupewa mlonge, hawakupewa chochote zaidi ya maji na chakula.

Kwa hiyo ukiniletea utafiti wa sumu kusimama, jambo la kwanza ninalolitafuta ni kizimba cha panya walioachwa bila dawa kwa siku zilezile. Kama kipo, na wa mlonge wamewashinda hao, nitakaa chini nikusikilize kwa heshima. Kama wamelinganishwa na panya wenye makovu waliouawa siku sumu iliposimama, basi kilichoponya ni siku.

Hata kwa watu iko hivyo. Dawa ya kwanza kuidhinishwa Marekani kwa makovu ya ini yanayotokana na mafuta, resmetiromu, iliyotoka Machi 2024 kwa jina la Rezdiffra, ilijaribiwa kwa wagonjwa 966. Waliopata nafuu ya hatua moja ya kovu ni kama robo ya waliomeza dawa. Lakini waliomeza vidonge visivyo na dawa nao asilimia 14 walipata nafuu hiyohiyo. Ungekuwa huna kundi hilo la pili, ungeisifu dawa kwa kazi ambayo sehemu yake haikuifanya.

---

Tiba Asili Mkweli

Nitazisoma tena hizo tafiti zangu. Ila msituzibe midomo.

---

Kachumbari

😂😂 "kilichoponya ni siku"

---

Binti Nansio

Samahanini kaka zangu, naingia na jambo la nyumbani. Mjomba wangu ni mvuvi huku Ukerewe, ana miaka 46. Mwezi uliopita alitapika damu nyingi, nyeusi imechanganyika na nyekundu. Zahanati walisema vidonda vya tumbo. Tumbo upande wa kushoto limejaa gumu. Tukapima damu vipimo vya ini, vikatoka vizuri, na pombe hanywi, ni mlokole. Sasa jirani katuletea huu huu mlonge, anasema ni makovu ya ini. Inawezekana mtu awe na makovu na vipimo viwe safi?

---

Daktari wa Zamu

Binti Nansio, pole sana. Inawezekana, na kwa ukanda wenu inawezekana mno. Nikisikia mvuvi wa ziwani, katapika damu, gumu upande wa kushoto (hilo huenda ni bandama), vipimo vya ini safi, kitu cha kwanza kinachonijia ni kichocho cha tumbo kilichokaa miaka mingi. Sijamuona, kwa hiyo sitoi hukumu. Ila akitapika tena ni dharura, asisubiri kivuko cha kesho. Hata asipotapika, afikishwe hospitali ya Bugando, Mwanza, wampige ultrasaundi na wamwingize ule mpira wenye kamera waone mishipa ya umio. Mishipa iliyovimba hufungwa kwa vipete vya mpira, na zipo dawa za kushusha shinikizo la damu la mshipa unaoingia kwenye ini. Hilo ndilo litakalomwokoa.

Kwa nini vipimo ni safi? Mayai ya minyoo ya kichocho husukumwa na damu ya utumbo hadi kwenye ini, yanakwama kwenye vimishipa vya kuingilia. Kovu linajengeka kuzunguka mishipa hiyo, seli za ini zenyewe zinabaki zinafanya kazi. Symmers alilieleza mwaka 1904 huko Cairo. Alikata ini la maiti akaona mishipa imezungukwa na nyeupe nene, akafananisha na mabomba ya udongo ya kuvutia tumbaku. Ini linafanya kazi, njia ya damu kuingia ndiyo imebanwa. Damu inatafuta pa kupita, inajaza bandama, inajaza mishipa ya umio, siku moja inapasuka.

---

Fundi wa Panya

Daktari ameongea. Binti Nansio, fuata hilo kwanza, soma uzi baadaye.

Kwa waliobaki niwaambie kitu, maana kichocho ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote, na inaonyesha uzi huu unahusu nini. Kovu la sumu na kovu la kichocho si ndugu. Sumu inaua seli karibu na mshipa wa kutokea damu. Kichocho kinajenga kwenye mishipa ya kuingilia. Kinachowasha moto pia ni tofauti. Kwenye kichocho seli hazifi kwa wingi, ni kinga ya mwili inayolikasirikia yai, inalizungushia ukuta wa seli, na ndani ya ukuta huo kunatoka taarifa iitwayo intalukini 13 inayoziamrisha seli za nyota zifume kolajeni. Jani linalofunga CYP2E1 halina chochote cha kufunga hapo. Kwa hiyo hata mlonge ungekuwa umefaulu kwa haki kwenye panya wa sumu, mjomba wa Ukerewe hayumo kwenye hesabu hiyo.

Namna tunavyofanya: tunafuga konokono wa jamii ya Biomphalaria kwenye mabeseni. Ukiwatoa gizani ukawaweka chini ya taa, baada ya saa moja au mbili maji yanajaa vijidudu vyenye mkia uliogawanyika, ndivyo vinavyompata mvuvi. Tunavihesabu kwa hadubini, tunamlaza panya kwa dawa ya usingizi, mkia unazama kwenye kichupa cha maji hayo. Vinapenya ngozi vyenyewe. Wiki ya tano hivi mayai yanaanza, wiki ya nane vinundu kwenye ini viko kwenye kilele. Ukilishika ini hilo kwa kidole cha glovu unahisi mchanga. Mara ya kwanza nililala bila kula.

Sasa kasoro yake, na hii hamtaisikia kwenye mikutano. Jike la mnyoo huu linataga mayai kama 300 kwa siku. Panya wangu ana gramu 20. Nikimwekea jozi MOJA tu ya minyoo, kwa uwiano wa uzito ni sawa na mtu wa kilo 60 kubeba jozi 3,000. Hakuna mvuvi wa namna hiyo. Panya anaugua kwa wiki, mtu anaugua kwa miaka ishirini akiendelea kuoga ziwani na kuambukizwa upya. Na kovu lenyewe la panya linabaki ndani ya vinundu, limetawanyika. Yale mabomba ya Symmers kwa kawaida hayapati. Kuna ukoo mmoja wa panya, CBA/J, ambao madume yake kama asilimia 20 wakiachwa wiki ishirini wanavimba bandama na kuugua kama mjomba. Wengine wote kizimba kilekile, dozi ileile, wanaugua kidogo tu. Kwangu hiyo ndiyo habari tamu kuliko zote, kwa sababu hata kijijini iko hivyo: wote wanaoga maji yale, wachache ndio wanatapika damu.

---

Jogoo wa Kisumu

Niaje wadau wa upande wa pili wa ziwa. Mmesahau nyani. Kule Karen, Nairobi, kuna taasisi ya utafiti wa nyani na jamii zao, na hao ndio waliochapisha mwaka 2000 kwamba nyani wakiambukizwa kichocho mara kwa mara, si mara moja kwa dozi kubwa, wanapata kovu lile la kuzunguka mishipa. Kurudiwarudiwa ndiko kulikoleta. Hiyo inafanana na mtu wa ziwa. Na nyani anakipata kichocho porini bila kulazimishwa, wale wa Gombe kwenu huko Kigoma walipimwa wakakutwa nacho.

Ila gharama, weh! Panya mia unaweka chumba kimoja. Nyani mmoja anataka jumba, daktari wa mifugo, na kamati ya maadili ikuulize maswali mpaka jasho likutoke. Ndiyo maana tafiti zake zina wanyama wachache.

---

Fundi wa Panya

Jogoo umenena. Na kabla ya nyani walikuwepo sokwe. Mwaka 1968 von Lichtenberg na Sadun waliripoti kupata kovu la Symmers kamili kwa sokwe. Leo hakuna atakayekuruhusu, na mimi binafsi nasema ni sawa.

---

Mpenda Viumbe

Nimesoma mpaka hapa moyo unaniuma. Mnawachoma sumu, mnawazamisha mikia kwenye minyoo, halafu mwishoni mnasema "ila panya si kama mtu". Sasa kwa nini mnaendelea?

---

Fundi wa Panya

Dada (au kaka), swali lako nalala nalo. Jibu langu si zuri sana lakini ni hili. Ini la kwenye sahani lipo, seli za nyota zinafugwa kwenye chupa tangu Friedman na wenzake walipozitenga kwenye ini la panya mwaka 1985. Kasoro yake ni kwamba ukiziweka tu kwenye plastiki ngumu zinaamka zenyewe, zinadhani ini limekakamaa. Vipande vyembamba vya ini la mtu aliyefanyiwa upasuaji vinaishi siku chache tu. Marekani walibadili sheria Desemba 2022, dawa mpya si lazima tena ipitie kwa mnyama kama kuna njia nyingine inayotosha. Lakini shinikizo la damu kwenye mshipa, kinga, utumbo, bandama, vyote pamoja miezi kadhaa, bado havijapatikana kwenye sahani.

Walikuwepo Waingereza wawili, Russell na Burch, waliweka kanuni mwaka 1959: tumia njia isiyo ya mnyama ikiwepo, punguza idadi, punguza maumivu. Mimi ukatili mkubwa ninaouona si sindano. Ni panya arobaini wanaokufa kwa utafiti ambao tangu siku ya kwanza haukuweza kujibu swali lake.

---

Semista ya Mwisho

Shikamoo Fundi. Uzi huu umenikuta pabaya, andiko langu la shahada ya kwanza ni mmea wa porini dhidi ya makovu ya ini kwa panya, na nimeandika mmea unatolewa siku moja na sumu 🙈 Msimamizi kashasaini. Nifanyeje? Na nichague dume au jike?

---

Fundi wa Panya

Marahaba mdogo wangu, usiogope, kusaini si kuchapisha.

Wachome panya wote sumu wiki nne bila mmea. Siku hiyo waue wachache, uthibitishe kovu lipo kweli. Usilidhanie, nimeona watu wametibu ini zima miezi miwili. Waliobaki waendelee na sumu, nusu wapate mmea, nusu wapate maji yaliyotumika kukamulia mmea. Hapo mmea unapambana na kovu huku mwizi bado yumo ndani, kama kwa mgonjwa. Na upime kama CYP2E1 inafanya kazi kawaida kwa panya wa mmea. Kama imezimwa, useme hivyo kwenye andiko, usifiche.

Ukipata panya zaidi, fanya na njia ya pili isiyotegemea kimeng'enya hicho. Kufunga mrija wa nyongo ndiyo ya kawaida: upasuaji mdogo, nyongo inajaa nyuma, kovu linaanzia upande wa mirija. Mmea ukisaidia kote kuwili, hapo naanza kukunja shati nikusikilize. Ila upasuaji ujifunze kwa mwenye mkono, panya wanakufa usipojua.

Madume kwa kawaida hupata kovu zaidi kwa sumu hii. Chagua jinsia moja au weka zote kwa usawa, usichanganye kiholela. Ukoo nao uandike. BALB/c anashika kovu haraka kuliko C57BL/6, kwa hiyo ukilinganisha matokeo yako na ya mtu mwingine bila kuangalia ukoo utajidanganya. Pima kolajeni kwa njia mbili, rangi nyekundu na haidroksiprolini (kijenzi cha kolajeni), na anayehesabu picha asijue ipi ya kizimba gani. Hilo la mwisho haligharimu hata shilingi na ndilo watu hawalifanyi.

---

Kachumbari

Na sisi wa bia? Panya mlevi yupo?

---

Fundi wa Panya

😂 Panya hapendi pombe kiasi hicho. Ukimlazimisha kwa uji wenye pombe ini linajaa mafuta, kovu linakuwa kiduchu. Waliokubali ni nyani: Lieber na wenzake Marekani waliwapa pombe pamoja na chakula kizuri miaka kadhaa, mwaka 1975 wakaripoti kwamba baadhi walipata sirosisi. Kabla ya hapo wengi walisema mlevi anaharibika ini kwa kutokula. Nyani walikuwa wanakula vizuri. Kwa hiyo hoja yako ya nyama choma usiilete.

---

Daktari wa Zamu

Niongeze moja. Wagonjwa wangu wengi wa sirosisi wana homa ya ini B, na hapo ndipo panya wanapotuangusha kabisa. Virusi hivyo haviambukizi panya wa kawaida. Sokwe walikuwa wanaambukizwa lakini sirosisi ilikuwa nadra. Kwa hiyo mkisikia kopo lolote "limethibitishwa kwa panya" na nyinyi mna homa ya ini B, jueni panya yule hakuwa na ugonjwa wenu. Nendeni kliniki mkapimwe wingi wa virusi, dawa zipo. Na makopo haya nayo si maji. Manjano ya vidonge, kwa mfano, yameshaleta watu hospitali na ini limeungua.

---

Tiba Asili Mkweli

Nimerudi. Nimefungua tafiti nne. Tatu mlonge na sumu siku moja. Ya nne sumu ilisimama kwanza, lakini kizimba cha walioachwa bila dawa sijakiona. Nasema tu nilichokiona.

---

Fundi wa Panya

Mkuu, umefanya kitu ambacho wenye shahada wengi hawakifanyi. Nakuheshimu.

---

Binti Nansio

Ndugu zangu nawapa mrejesho. Mjomba tulimvusha Jumatatu. Ultrasaundi imeonyesha mishipa ya ini imezungukwa na nyeupe nene kama alivyosema daktari, bandama kubwa. Kamera imekuta mishipa minne imevimba, imefungwa kwa vipete, atarudia baada ya wiki tatu. Amepewa na prazikwanteli, dawa ya kichocho, kumbe yeye kwenye kingatiba hakuwahi kumeza, alikuwa anasema ni ya watoto wa shule.

Nina swali moja tu. Hilo kovu litaondoka, kama kwa wale panya walioachwa?

---

Daktari wa Zamu

Kwa watoto na vijana waliotibiwa mapema, ultrasaundi huonyesha likipungua. Kwa lililokaa miaka mingi kama la mjomba, sitakuahidi. Dawa imeua minyoo, kwa hiyo mayai mapya hayaji, na hilo si dogo. Asirudi kuoga ziwani kama zamani, na tarehe ya vipete asiikose.

---

Fundi wa Panya

Binti, hata panya ni hivyo. Waliochomwa wiki nne walirudi karibu sawa. Kuna waliochomwa wiki kumi na mbili, ini likawa na mabonge mabonge, wakaachwa muda mrefu. Nyuzi changa ziliondoka. Zile za zamani, nene, zilizoshikana, zilibaki.

---

Binti Nansio

Asanteni. Na lile kopo la jirani?

---

Fundi wa Panya

Mrudishie kwa upole. Mlonge wa uani mchume, mpikie na karanga ale na ugali, ni mboga nzuri. Mimi naishia hapa kwa leo, saa kumi na moja alfajiri nina vizimba sitini vya kubadilisha maranda. Shangazi nitamfuata Jumapili mwenyewe.